Kwa Nini Paja la Mtoto Huvimba: Kisa cha Farasi, Muhogo na Shabu

  Kama hukuwa karibu na redio siku ya kipindi, maneno yenyewe ndiyo haya. Yasome polepole, au umsomee jirani ambaye macho yake yamechoka.

Leo nitakusimulia historia. Usiogope, si historia ya wafalme. Ni historia ya ule uvimbe mdogo unaouona kwenye paja la mtoto wako baada ya sindano ya kliniki.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Nilipokuwa muuguzi mpya, nilimchanja mtoto wa wiki 6, wa mama mmoja aliyetoka katika vijiji vya mradi wa unyunyizaji hapa Bura. Foleni ilikuwa ndefu na jua lilikuwa kali. Mama yule akaniuliza, "Sista, hapa patavimba?" Nikamjibu, "Ni kawaida, mama," kisha nikamwita anayefuata.

Usiku ule paja likavimba na mtoto akalia hadi alfajiri. Siku ya tatu palibaki kitu kigumu chini ya ngozi, kama kokwa ya tende. Mavyaa wake akasema, "Sindano hii ina sumu. Mtoto harudi huko." Na kweli hakurudi. Wiki ya 10 ikapita, wiki ya 14 ikapita. Nilimwona tena mtoto yule akiwa na miezi saba, ameletwa na kifaduro, anakohoa mpaka midomo inageuka rangi. Alikaa wodini siku nyingi. Tunamshukuru Mungu alipona.

Mama hakunigombeza. Aliniambia neno moja tu: "Sista, ungenieleza ule uvimbe ni wa nini, ningepata la kumjibu mavyaa wangu."

Leo nataka nikupe hilo jibu.

FARASI NA DONDAKOO

Zamani kulikuwa na ugonjwa ulioua watoto wengi sana huko Ulaya na kwingineko, unaoitwa dondakoo. Mtoto huanza kwa kuumwa na koo. Kisha hufanyika utando kooni, na utando huo waweza kuziba njia ya hewa mtoto akashindwa kupumua. Viini vya dondakoo hukaa kooni, lakini hutoa sumu inayosafiri mwilini hadi kwenye moyo.

Mwaka wa 1890 huko Ujerumani, Emil von Behring na mwenzake kutoka Japani, Shibasaburo Kitasato, walitoa habari iliyowashangaza madaktari. Waligundua kwamba mnyama aliyepewa sumu kidogo kidogo hutengeneza katika damu yake kitu cha kuipinga sumu hiyo. Leo tunakiita kingamwili. Tena ukichukua maji ya damu ya mnyama huyo ukampa mwingine, yule mwingine naye hupata kinga. Walifanya hivyo kwa sumu ya dondakoo na kwa sumu ya pepopunda.

Mnyama mdogo hutoa damu kidogo, na watoto wagonjwa walikuwa wengi. Ndipo farasi akaingia kazini. Ni mkubwa, ni mtulivu, na damu yake ni nyingi. Huko Paris, daktari Émile Roux aliwatumia farasi, na mwaka wa 1894 akaeleza matokeo. Katika hospitali ya watoto ambako karibu nusu ya wagonjwa wa dondakoo walikuwa wakifa, vifo vilishuka hadi karibu robo. Kwa wazazi wa wakati ule ilikuwa kama muujiza.

Lakini farasi nao si sawa. Mmoja anapewa sumu na damu yake inatoa dawa kali. Mwingine anapewa kiasi kile kile na damu yake inatoa dawa hafifu. Kwa miaka mingi watu hawakujua sababu.

JIPU LILILOMSHANGAZA DAKTARI WA MIFUGO

Aliyepata sababu hakuwa daktari wa watu. Alikuwa daktari wa mifugo, Mfaransa aitwaye Gaston Ramon, aliyefanya kazi katika Taasisi ya Pasteur. Kazi yake ilikuwa kuwatunza farasi wale na kutoa dawa katika damu yao.

Ramon alifanya mambo mawili makubwa. La kwanza, katika miaka ya 1920 alipata njia ya kuiondolea sumu ya dondakoo makali yake kwa kutumia fomalini na joto. Sumu ikabaki na sura yake, lakini haina nguvu ya kudhuru. Ifikirie kama nyoka aliyeng'olewa meno. Ni nyoka yule yule kwa kumtazama, lakini hawezi kukuuma.

La pili ndilo letu leo. Ramon aliona kwamba farasi waliofanya uvimbe au jipu mahali walipochomwa sindano ndio waliotoa kingamwili nyingi zaidi. Wale ambao ngozi yao ilibaki laini kana kwamba hawakuguswa, dawa yao ilikuwa hafifu.

Wewe mfugaji unajua kwamba kwa kawaida jipu ni hasara. Ramon hakuliacha likapita. Akajiuliza: je, ni uvimbe wenyewe unaosaidia? Na kama ni hivyo, naweza kuuleta kwa makusudi, bila kungoja bahati?

MUHOGO NDANI YA SINDANO

Akaanza kujaribu. Alichanganya ile dawa na vitu vingi ambavyo mwili hauvinyonyi upesi. Alitumia chembechembe za mkate. Alitumia mafuta. Na alitumia tapioka, ule unga mweupe unaotokana na wanga wa muhogo. Ndiyo mama, muhogo huu huu unaouchemsha kwa chai.

Mwaka wa 1925 Ramon alichapisha matokeo. Farasi waliopewa mchanganyiko walitoa kingamwili nyingi kuliko wenzao. Muhogo peke yake haukuwa dawa ya dondakoo. Kazi yake ilikuwa kuuamsha mwili ili uitambue ile sumu iliyong'olewa meno. Vitu vya namna hii Ramon aliviita adjuvanti, neno litokanalo na Kilatini lenye maana ya kusaidia. Sisi katika mazungumzo haya tuviite visaidizi.

SHABU YA KUTULIZA MAJI

Mwaka uliofuata, 1926, huko Uingereza, mtafiti Alexander Glenny na wenzake walikuwa na kazi nyingine. Walitaka kuisafisha ile sumu iliyovunjwa makali. Walitia shabu.

Shabu unaijua. Maji ya Mto Tana yakija mekundu kwa tope, unaizungusha shabu ndani ya ndoo, unasubiri, na tope linashikana na kutuama chini. Ndivyo ilivyotokea kwa Glenny. Dawa ilishikana na shabu ikatuama. Walipowachoma wanyama wadogo wa maabara kwa kile kilichotuama, kinga yao ilikuwa kubwa zaidi kuliko ya wale waliopewa dawa tupu.

Tangu hapo, chumvi za alumini, ambazo ni ndugu wa shabu, zimekuwa visaidizi vinavyotumika zaidi katika chanjo za binadamu. Sasa ni karibu miaka mia moja. Kiasi chake katika sindano ni kidogo sana, cha kupimwa kwa miligramu.

Hapa nikuonye mapema. Shabu ya dukani ni ya ndoo. Usimpake mtoto mahali pa sindano, wala usimnyweshe.

KWA NINI MWILI UNATAKA KUAMSHWA

Fikiria boma usiku. Mtu mgeni akiingia kimya kimya, hakuna mbwa aliyebweka, hakuna mtoto aliyelia, watu watalala hadi asubuhi wala hawatajua alipita. Lakini mtu mmoja akipiga yowe, kila nyumba inafunguka. Vijana wanatoka na tochi na marungu, na uso wa yule mgeni hautasahaulika. Akirudi mwezi ujao, atatambuliwa langoni.

Chanjo ya dondakoo na ile ya pepopunda ni kama mgeni anayeingia kimya. Hazina kiini hai. Ni sumu isiyo na meno. Zikiingia peke yake, mwili waweza kuzipuuza. Kisaidizi ndicho kinachopiga yowe. Kinaziita chembe za ulinzi zikusanyike pale pajani. Zikikusanyika, mahali hapo huwa pekundu, hupata joto, huuma na huvimba. Chembe hizo huichukua ile dawa, huipeleka kwenye tezi, na huko mwili hujifunza kutengeneza kingamwili.

Kwa hiyo mama, uvimbe ule ni yowe na watu waliokusanyika. Na hilo ndilo la kumjibu mavyaa.

Lakini usije ukaogopa upande wa pili pia. Kama mtoto wako hakuvimba, haina maana chanjo haikushika. Watoto hawafanani, kama farasi wa Ramon walivyokuwa hawafanani, na siku hizi kipimo cha kisaidizi kimewekwa ili kazi ifanyike hata bila uvimbe mkubwa.

Pengine utauliza, mbona matone ya polio hayana uvimbe? Chanjo nyingine, kama matone ya polio, ile ya surua, na ile ya kifua kikuu inayoacha kovu mkononi, zina viini hai vilivyodhoofishwa. Hivyo hujipigia yowe vyenyewe. Hazihitaji kisaidizi.

YOWE LILILOZIDI

Si kila kisaidizi kinafaa kwa mtoto. Katika miaka ya 1930 na 1940 huko New York, Jules Freund, mzaliwa wa Hungaria, alichanganya mafuta na viini vilivyokufa vya kifua kikuu. Kisaidizi chake kilikuwa na nguvu nyingi mno. Wanyama walitoa kingamwili kwa wingi, lakini pia walipata vidonda na uvimbe mbaya. Kwa sababu hiyo hakiwekwi katika chanjo za kawaida za watu. Kimebaki kwa wanyama wa maabara, na hata huko matumizi yake yana masharti ili mnyama asiteswe.

Nakueleza hili ili ujue kwamba walioweka kisaidizi ndani ya sindano ya mtoto hawakuchagua chenye nguvu kuliko vyote. Walichagua kinachotosha.

FARASI BADO YUKO KAZINI

Ukidhani kazi ya farasi iliisha, uliza aliyeumwa na nyoka. Hapa kwetu, mkulima anayefungulia maji shambani usiku na mchungaji anayepita kwenye mathenge wanajua hatari ya nyoka. Dawa halisi ya sumu ya nyoka, ile inayotiwa kwenye mshipa hospitalini, ni kingamwili za mnyama. Farasi au kondoo hupewa sumu ya nyoka kidogo kidogo, mara nyingi pamoja na kisaidizi, hadi damu yake ipate nguvu. Kisha damu hutolewa na kingamwili husafishwa. Njia ni ile ile ya mwaka wa 1890, pamoja na somo la Ramon.

Ndiyo sababu dawa hiyo ni ghali na haipatikani kila mahali. Na ndiyo sababu tunakuhimiza: aliyeumwa na nyoka asichanjwe kwa wembe, asifungwe kamba ya kubana. Mtulize asitembee, mguu au mkono usitikisike, na mkimbize hospitali.

MBUZI WETU NA GOME LA MTI

Ninyi wafugaji mna ushahidi wenu wenyewe. Kuna homa kali ya mapafu inayoua mbuzi zizi zima, mbuzi anakohoa, anapumua kwa shida na kufa kwa siku chache. Kiini chake kilipatikana kwa mara ya kwanza hapa hapa Kenya, mwaka wa 1976. Katika miaka ya 1980 wataalamu wa mifugo wa Kabete walitengeneza chanjo yake. Viini viliuawa, kisha vikasaidiwa na saponini.

Saponini ni kitu kinachotoa povu kama sabuni, nacho hupatikana katika mimea. Ile inayojulikana zaidi katika chanjo hutoka kwenye gome la mti uitwao Quillaja, unaoota nchi ya Chile huko Amerika ya Kusini.

Gome hilo hilo limefika kwa watoto. Chanjo ya malaria iitwayo RTS,S, iliyofanyiwa utafiti pia hapa jirani Kilifi na kuanza kutolewa magharibi mwa Kenya mwezi wa Septemba 2019, ina saponini ya mti huo katika kisaidizi chake. Chanjo ya pili ya malaria, R21, nayo pia inayo. Kutoka jipu la farasi hadi malaria ya mtoto wa Kiafrika, ni safari ya karibu miaka mia moja.

MAMA KATIKA NAFASI YA FARASI

Kuna jambo moja ambalo akina mama hucheka nikiwaeleza. Wale watoto wa Paris walipewa kingamwili zilizokwisha kutengenezwa na farasi. Leo mtoto mchanga wa Bura hupewa kingamwili za pepopunda zilizokwisha kutengenezwa, lakini si na farasi. Ni wewe.

Ukichomwa sindano ya pepopunda ukiwa mjamzito, ile yenye ndugu wa shabu ndani yake, mwili wako hutengeneza kingamwili na kuzipitisha kwa mtoto kupitia kondo la nyuma. Anazaliwa nazo. Ndizo zinazomlinda kitovu kikikatwa. Mkono wako ukiuma siku mbili baada ya sindano hiyo, jua kuwa unamfanyia mtoto kazi.

Lakini kingamwili za kupewa haziishi muda mrefu. Huisha baada ya miezi kadhaa. Mtoto lazima ajifunze kutengeneza zake. Ndiyo maana ya wiki 6, wiki 10 na wiki 14. Sindano ile yenye kinga ya magonjwa matano, ambayo Kenya iliianza mwaka wa 2001, humkinga na dondakoo, pepopunda, kifaduro, homa ya ini aina ya B, na kiini cha Hib kinacholeta nimonia na homa ya uti wa mgongo. Yowe la kwanza huamsha kijiji. La pili na la tatu huwafanya wasisahau. Ramon hakuwachoma farasi wake mara moja tu.

KWA NINI MUUGUZI ANAITIKISA CHUPA

Neno moja kuhusu barafu. Huku kwetu kwa joto, watu hudhani chanjo ikiganda ndiyo imehifadhika vizuri zaidi. Sivyo. Chanjo yenye alumini ikiganda, kisaidizi hushikana mabonge, na hata ikiyeyuka tena nguvu yake imeharibika. Inatakiwa iwe kati ya nyuzi 2 na 8, wala isiguse barafu kavu ya friza. Ukimwona muuguzi anaitikisa chupa, anaitazama na kuitupa, usikasirike kwamba amekurudisha nyumbani. Amekataa kumchoma mtoto wako maji matupu. Muulize siku ya kurudi, na urudi.

MAMBO YA KUFANYA NYUMBANI

1. Uvimbe kidogo, wekundu, maumivu na homa ndogo kwa siku moja hadi mbili ni kawaida. Kigumu kidogo chini ya ngozi kisichouma chaweza kukaa wiki kadhaa, kisha huisha chenyewe.

2. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi. Mbebe kwa upole upande usiochomwa.

3. Kitambaa safi kilicholowa maji baridi kinaweza kumpoza. Usikande kwa maji moto, usisugue, usiminye, usichanje. Usipake mafuta ya kienyeji, majivu, kinyesi cha ng'ombe wala shabu.

4. Dawa ya homa mpe kwa kipimo ulichoelekezwa na muuguzi tu.

5. Mlete hospitali haraka ukiona: anapumua kwa shida au amevimba uso, amepata degedege, amekataa kunyonya, amelegea, analia saa tatu mfululizo bila kunyamaza, homa imekuwa kali au haishuki, au mahali pa sindano panazidi kuvimba na kutoa usaha. Jipu la Ramon lilikuwa la farasi. Usaha kwenye paja la mtoto si kawaida, lazima tuuone.

6. Kama ulikosa tarehe, njoo leo. Hatuanzi upya, tunaendelea pale mlipoachia. Kuja na kitabu cha kliniki.

Mama yule wa mwanzo alizaa tena. Siku ya wiki ya 6 alikuja na mavyaa wake, wakakaa benchi moja. Kabla sijamchoma mtoto, mavyaa akaniuliza, "Na huyu paja litavimba?" Safari hii sikumwita anayefuata. Niliweka sindano chini, nikawaeleza juu ya farasi, muhogo na shabu. Yule nyanya akacheka, akasema, "Kumbe ni ile ya ndoo!" Wiki ya 10 ndiye aliyemleta mjukuu mwenyewe.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA NA JIRANI ZAKO

Je, katika kijiji chenu kuna mtoto aliyeachishwa chanjo kwa sababu ya uvimbe? Nani atakwenda kumwona mama yake wiki hii? Na mavyaa akiuliza, utamjibu nini?